Lami Mpya Chini ya Gari Kuukuu

Mpendwa Mama Mkubwa,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa alama za grisi kwenye karatasi hii, naandikia juu ya boneti kwa sababu nyumbani siwezi kuandika jambo hili mke wangu akipitapita nyuma yangu na ndoo, nami naomba unisaidie maana maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia. Mimi ni fundi wa magari, mwaka huu natimiza miaka thelathini na moja katika kazi hii, na hasa nashughulika na yale magari makubwa ya njia mbovu, yanayovuta kwa magurudumu yote manne, tena yale ya zamani ambayo mafundi wa siku hizi wakiyaona wanakimbia kwa sababu hayana pa kuchomeka kompyuta. Wateja wamenipa jina, wananiita Daktari Nyundo. Mtu akitaka kununua gari kuukuu ananiita nilikague, nami nalala chini yake na nyundo yangu ndogo, nagonga chesisi, yaani ile mifupa miwili ya chuma inayobeba gari zima, kutoka mbele mpaka nyuma, shibiri kwa shibiri, huku nasikiliza. Chuma kizima kinaita ngo! Chuma kilichooza kwa ndani kinajibu tep, kama ukigonga boga bovu. Watu wanatoka mbali kuja kunitafuta kwa ajili ya masikio yangu tu. Sijawahi kukosea, au niseme nilikuwa sijawahi kukosea, na hapo ndipo balaa langu linapoanzia.

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ni mkunga. Ni mtu wa kazi kwelikweli, si wa kukaa ofisini, anazunguka kwenye zahanati ndogondogo ambako hata pikipiki inasukumwa, na kwa kuwa kazini kwake hakuna gari alikuwa akidunduliza miaka mingi apate la kwake. Mwaka jana akalipata, kubwa, jeupe, umri wake wakati ule miaka ishirini na sita, na mwenye nalo alikuwa na haraka ya kuliuza kwa sababu anahama. Shemeji akasema hasemi ndiyo mpaka nilione mimi. Siku tuliyokubaliana ikawa ndiyo siku ya harusi ya binamu wa mke wangu, tukasema tutapitia hapo njiani, na mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, ua wa yule muuzaji ulikuwa tope tupu, nami nilikuwa nimevaa shati jeupe.

Nalitaja shati, Mama Mkubwa, kwa sababu ndilo lililoniponza. Mke wangu alikuwa amelipiga pasi asubuhi ile akiniambia, "Baba watoto, leo walau siku moja niketi na mwanamume asiyenuka dizeli," nami nilijitazama kwenye kioo nikajiona mtu, basi nilipofika pale nikaona tabu kulala topeni. Nikawasha injini nikaisikiliza, ilikuwa imetulia, nikafungua kifuniko cha oili hakuna moshi, nikaingiza gia zote, nikachuchumaa mbele nikagonga chesisi pale mkono ulipofika, ikaita ngo! Nyuma sikufika. Niliinama tu nikachungulia, nikaona chuma chote kimepakwa lami mpya, nyeusi, inang'aa, na kila fundi anajua kwamba lami mpya chini ya gari kuukuu ni sawa na manukato mengi kwa mtu ambaye hajaoga. Wazo hilo lilinipitia, naapa lilinipitia, lakini shemeji alikuwa amesimama na mwavuli wake akinitazama kama anayesubiri matokeo ya mtihani, na mke wangu kule tulikoegesha anapiga honi kwamba tumechelewa, nikajisikia tu nasema, "Shemeji, chukua. Hili litatuzika sote." Watu wote wakacheka, muuzaji akacheka kuliko wote, tukaenda harusini.

Miezi minane baadaye shemeji akaniletea gari nimbadilishie shokomzoba za nyuma. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Nikalipandisha, nikaingia chini, na nilipokuwa nachokonoa tope kwenye nati moja bisibisi ikaniteleza, ikagonga chesisi upande wa kushoto juu ya ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya nyuma, na haikugonga, Mama Mkubwa, iliingia. Iliingia kama kwenye mkate uliolowa chai. Nikaikwangua lami, nikakuta chini yake si chuma, ni maganda ya kutu yaliyoshikana na tope la miaka, nikaweka kiganja yakamwagika. Upande wa kulia nao ulikuwa unaanza. Nilikaa palepale chini nusu saa nzima, na juu yangu nawasikia shemeji na mteja mwingine wanazungumza, mteja anamuuliza, "Huogopi gari la zamani hivi?" naye anamjibu, "Hili? Hili amelipitisha shemeji yangu kwa mkono wake, mimi nalala usingizi." Nikatoka nikamwambia aliache mpaka kesho yake, nikasema kuna bushi, zile raba ndogo za kwenye springi, zimechoka.

Kesho yake Jumapili gereji ilikuwa imefungwa, nikaingia peke yangu. Ninajua inavyopaswa kufanywa, wala sihitaji kufundishwa: unanyanyua bodi, unakata chuma kibovu chote mpaka ufike kwenye kizima, unaunga kipande kipya ndani na nje, na kazi hiyo ni wiki mbili ukijitahidi, na mwenye gari lazima ajue kwa sababu gari linalala kama ng'ombe aliyechunwa. Mimi niliifanya kwa saa nne. Nilichomelea bamba la chuma juu ya uozo, kiraka juu ya nguo iliyochakaa, kisha, mkono wangu huu huu, nikachukua brashi nikapaka lami. Funika kombe mwanaharamu apite. Nilipomaliza nikarudi nyuma kutazama nikaona imependeza, na ndipo nikatambua kwamba nimefanya yaleyale aliyoyafanya muuzaji, tofauti ni kwamba yule alimfanyia mtu asiyemjua. Jioni shemeji akaja, nikampa ufunguo, akanishukuru, akaniletea na machungwa.

Sasa haya ni ya miezi mitatu iliyopita, na ningeweza kuendelea kujidanganya, lakini shemeji amepangiwa eneo jipya, zahanati tano za mlimani, barabara ni mawe matupu na makorongo, kazi ya miaka miwili au zaidi, na huko mama akishindwa kujifungua ni shemeji ndiye anayemlaza kiti cha nyuma amteremshe. Anaondoka Jumatatu ijayo. Juzi alikuja kula kwetu, akaweka kijiko chini akaniuliza mbele ya mke wangu, "Shemeji, niambie ukweli, hili gari litanifikisha miaka mingapi? Nataka kujua kama nipange maisha yangu nalo." Nami, na mkate ukiwa mdomoni, nikasema, "Miaka kumi, ukibadilisha oili kwa wakati." Mke wangu akanitazama. Miaka ishirini na mitatu ya ndoa si mchezo, anajua nisipomtazama mtu usoni kuna jambo.

Usingizi umenipaa. Nikimwambia, nimemvunja moyo, nimegombanisha nyumba yangu na ukweni, na habari zikitoka jina langu limekwisha, nani atamwita tena Daktari Nyundo? Nisipomwambia, huenda lisitokee lolote, maana nimeona magari yaliyotiwa viraka vibaya kuliko hicho yakienda miaka kumi na tano, ingawa nimeona na lililokatika vipande viwili wiki ya pili likiwa na watu ndani. Nimefikiria niwe nampandia huko kila mwezi, nijifanye nampelekea vitu vya dada yake, nilikague kimyakimya. Basi swali langu ni hili, Mama Mkubwa: gari la namna hii, la njia mbovu, lenye miaka ishirini na saba, likitunzwa, mtu anaweza kutegemea lidumu miaka mingapi zaidi? Na je, nimwambie au nilifuatilie tu? Nimeandika namba ya gereji nyuma ya karatasi ukitaka kuniuliza zaidi. Jina langu naomba ulifiche, lakini mengine unaweza kuyaacha yalivyo, wala sitakuwa na kinyongo barua hii ikitoka Jumamosi hii hii kabla hajaondoka, kwa sababu shemeji husoma ukurasa wako kila wiki, kwa sauti, yeye na mke wangu.

Ni mimi,
Fundi aliyekosa usingizi


MAMA MKUBWA ANAJIBU

Fundi,

Nimekaa na ukurasa huu miaka kumi na minane. Nimeulizwa na wanaume wenye wake wawili wampeleke yupi hospitali, nimeulizwa na mama mkwe kama ni dhambi kumnunia bibi harusi siku ya kwanza. Sijawahi kuulizwa umri wa gari, tena na fundi wa magari! Kwa nini unaniuliza mimi, ninayeita kila kitu chini ya boneti "ile mashine"? Nikaisoma barua yako mara ya pili ndipo nikakuelewa. Nitafika huko.

Kwanza nikujibu ulichouliza, usije ukasema Mama Mkubwa amekwepa. Ofisini kwetu tuna dereva anayesambaza magazeti kwa gari la aina hiyohiyo, amelishika usukani miaka kumi na tisa, mtu wa maneno machache na kijiti cha meno. Nikampelekea swali lako bila kumwambia ni la nani. Akaniambia, "Mama, watu wanauliza umri kana kwamba gari ni kuku. Kuna la miaka kumi limekufa na kuna la miaka thelathini na tano linapanda mlima sasa hivi tunavyoongea. Niulize nani alilitunza, lilifanya kazi gani, lilikuwa linalala wapi, na vipuri vyake bado vipo madukani au tunaviokota kwenye magari yaliyokufa." Nikamwambia aendelee. Akasema injini ya namna hiyo ukiipa oili yake kwa wakati inakwenda kilomita laki nne, laki tano, na ikichoka inafunguliwa inafanywa upya. Giaboksi inabadilishwa. Springi zinabadilishwa. Gari la zamani ni la kulilea, akasema, kila mwaka litakudai kitu, na wewe usimlaumu mzee kwa kukohoa. "Lakini chesisi ikioza, mama, huna gari. Una injini nzuri iliyokaa juu ya kutu." Akatoa kijiti mdomoni, akanitazama. "Nani ameoza chesisi?"

Kwa hiyo hilo ndilo jibu lako, na ulikuwa nalo kabla hujanunua karatasi. Chesisi ikiwa nzima, miaka kumi uliyomtajia shemeji yako huku unatafuna mkate haikuwa ndoto. Kwa chesisi uliyoiacha wewe, hakuna binadamu anayejua, na katika binadamu wote wewe ndiye unayejua vizuri zaidi kwamba hakuna anayejua. Umesema mwenyewe: moja lilikwenda miaka kumi na tano, jingine wiki ya pili. Hiyo si hesabu ya ufundi. Hiyo ni kamari, na anayewekwa dau ni mama aliyelala kiti cha nyuma akiwa na uchungu.

Sasa tuongee mimi na wewe.

Kosa la shati sikulaumu sana. Mwanaume amepigiwa pasi, amesifiwa, anataka angalau siku moja asinuke kazi yake, nani hajawahi kuwa hapo? Ulichoka kuwa fundi kwa saa mbili, bahati mbaya ndizo saa mbili ulizohitajika. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilimjibu binti mmoja kwenye ukurasa huu bila kuisoma barua yake mpaka mwisho, nilikuwa na homa na gazeti linafungwa, nikamwambia arudi kwa mumewe. Ukurasa wa pili wa barua, ambao sikuufungua, ulieleza kwa nini alikimbia. Wiki iliyofuata niliandika, kwa herufi kubwa, kwamba nimekosea na kwamba asirudi. Watu walinicheka mwezi mzima. Barua zikapungua, kisha zikarudi, tena nyingi kuliko mwanzo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na hilo wewe mtu wa vyuma ulipaswa kunifundisha mimi.

Lakini ile Jumapili, fundi, hiyo siimezi. Jumamosi ulikuwa umekosea, Jumapili ukawa umeamua. Ulikuwa na mchana mzima wa kumpigia simu shemeji yako, ukautumia kuchagua saizi ya bamba. Na unajua kinachoniuma zaidi? Kwamba wewe si mwongo wa kuzaliwa. Mwongo wa kuzaliwa angelala vizuri. Wewe unampenda huyo mwanamke, unaona fahari anavyokusifia mbele za watu, na ukaogopa kupoteza sifa kuliko kumpoteza yeye. Liseme hilo kwa sauti ukiwa peke yako hapo gereji, uone linavyosikika.

Eti utampandia kila mwezi ujifanye umeleta vitu vya dada yake! Utagonga nini, fundi? Lami juu ya kiraka juu ya uozo? Na siku nyundo ikijibu vibaya utafanyaje, utamwambia bushi zimechoka?

Na sasa nifike pale nilipokuelewa. Unasema nisitaje jina lako lakini mengine niyaache: mkunga, gari jeupe, zahanati tano, shati. Unasema barua ikitoka Jumamosi huna kinyongo. Unasema shemeji husoma ukurasa huu kwa sauti, na mkeo yupo. Ndugu yangu, hukuniandikia upate ushauri. Uliniandikia ili mimi ndiye nimwambie. Ulitaka asome, ajitambue, agutuke na chai mkononi, alie, akasirike, na wewe uwe umekaa gereji salama na spana yako mkononi, ukisubiri hasira ipoe. Muuzaji alipaka lami, ukapaka ya pili, na ukanikabidhi mimi brashi nipake ya tatu. Sipaki.

Barua yako imenifikia Jumanne. Majibu haya nayaandika Jumatano asubuhi, na sitayapeleka kwa mpiga chapa. Nampa dereva wetu akuletee mkononi, gereji, leo kabla ya chakula cha mchana. Barua yako na nakala ya majibu yangu vitakaa kwenye droo yangu mpaka unipigie simu uniambie kwamba shemeji yako amesikia kutoka mdomoni mwako. Ukikaa kimya mpaka Ijumaa jioni, nitamtafuta mimi, na si kwa gazeti. Mkunga wa mlimani mwenye gari jeupe si mtu wa kupotea.

Utafanya hivi. Mwite yeye kwanza, kabla ya mkeo, kwa sababu anayepanda gari ni yeye. Usimwitie nyumbani mezani, usimpikie, usimpe kiti kizuri. Mwite gereji, mwonyeshe. Usianze na shati wala mvua wala honi, utaonekana unatafuta wa kugawana naye. Anza na bisibisi iliyoingia. Kisha mwambie kuhusu Jumapili, na ukifika kwenye lami usiruke. Siku hiyohiyo mwambie mkeo. Gari haliondoki Jumatatu, hata akisema atakwenda polepole, hata akisema amekusamehe. Kazini kwake nenda naye, ueleze wewe kwa nini safari imechelewa, asibebe yeye aibu yako. Kazi iliyoharibika ufanye upya kama unavyojua inavyofanywa, na ukimaliza aje fundi mwingine ailalie chini aikague, tena fundi ambaye hakupendi.

Kuhusu jina lako, sijui. Huenda wateja watapungua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kingekuwa cha mtu mwingine, basi kama bei ni kuitwa fundi bila udaktari, lipa.

Mama Mkubwa


NYONGEZA, IJUMAA MCHANA

Wasomaji wangu, mkiyasoma haya mjue simu ililia.

Alinipigia Alhamisi alasiri. Nilidhani nitasikia mtu amepumua, nikasikia mtu amechoka. Alikuwa amemwambia Jumatano hiyohiyo, chini ya gari, na shemeji yake hakulia wala hakutukana. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu: "Jumapili ile uliponipa ufunguo, unajua nilikwenda kumbeba nani?" Fundi hakujua. Akamwambia. Alikwenda kumchukua mama wa mapacha, mimba ya miezi minane, na mumewe, na mama yake mzazi, wakateremka korongoni watu wanne na mizigo, wakiimba. Akaweka ufunguo juu ya boneti, akaondoka kwa miguu. Mke wa fundi naye alipoambiwa hakupiga kelele. Alikaa kitandani akasema, "Na mimi ndiye niliyekuwa napiga honi."

Nikamwambia avumilie, asiombe msamaha mara ya pili kabla hajajibiwa wa kwanza.

Leo mchana amenipigia tena. Shemeji amerudi gereji saa mbili asubuhi, amevaa suruali ya kazi, ameshika tochi. Amemwambia, "Ingia. Gonga, nisikie mwenyewe." Wakalala chini wote wawili, fundi anagonga mbele, ngo, anasogea nyuma, ngo, ngo, wakafika juu ya ekseli. Shemeji akasikiliza. Halafu palepale chini, bila kumtazama, akamwambia maneno haya, nami nayaandika kama nilivyoyapokea:

"Shemeji, mimi mtoto akitoka halii, na ndugu zake wako nje ya mlango wanasubiri kushangilia, sitoki nikawaambia analia. Najua wanavyonitazama. Najua ilivyo rahisi. Nikishasema analia, nani atakimbia kunisaidia?"

Fundi anasema alitoka chini akaanza kufungua nati za bodi.

Safari imesogezwa mbele wiki tatu, kazini kwake wamekubali, fundi alikwenda akaeleza mwenyewe, akasimama muda wote. Bodi imenyanyuliwa tangu asubuhi. Upande wa kulia, alipokata, amekuta umeoza zaidi ya alivyodhani, kwa hiyo ile habari ya miaka kumi na tano tuisahau. Shemeji amemuuliza tena miaka mingapi, naye safari hii amemjibu, "Sijui. Nikifika kwenye chuma kizima nitakwambia." Amesema hiyo inatosha kwa sasa. Hajamsamehe, amemwambia hivyo kinagaubaga, na kwamba mambo ya kusamehe atayatazama akiwa huko juu, ana kazi nyingi.

Ila ametoa sharti moja. Gari likiwa tayari, safari ya kwanza mpaka zahanati ya mwisho kabisa, kwenda na kurudi, fundi atapanda naye, na hatakaa mbele. Atalala kiti cha nyuma, wanapolala kina mama.

Fundi ananiuliza kama hiyo ni haki, kwa sababu mgongo wake mbovu na ile barabara ni mawe saa sita mfululizo.

Chukua mto, fundi, uende.